Maswali ya Wasomaji: Mwili Umefika, Moyo Bado Uko Njiani

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji waliowahi kuyakimbia makwao, pamoja na wale wanaoishi nao, watuandikie kuhusu maisha ya moyo na ya utamaduni baada ya kupata hifadhi. Barua zilizofika ni nyingi kuliko kurasa tulizonazo. Nimechagua nne, nikazifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

SWALI: Ndugu mshauri, nilipewa hifadhi miaka miwili iliyopita. Miezi ya mwanzo nilikuwa na furaha isiyo kifani; nililala usiku kucha, nikatembea barabarani bila kugeuka nyuma. Sasa mambo yamebadilika. Nakasirikia vitu vidogo, sina hamu tena ya lugha niliyokuwa nikiisoma kwa bidii, na nyimbo za kwetu zikipigwa natoka chumbani. Kwetu nilikuwa mwalimu. Hapa nasafisha sakafu usiku. Wenzangu huniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa hai, nami naona haya. Je, mimi ni mtu asiye na shukrani?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mtu aliyeokolewa katika nyumba inayoungua hushukuru kwa kupona na bado huililia nyumba yake, wala hakuna mwenye busara atakayemtaka achague moja kati ya hayo mawili. Wenzako wanakutakia mema, lakini wanakunyima ruhusa ya kuomboleza, na naamini hiyo ni sehemu ya mzigo unaokulemea.

Hali ya kuanza kwa furaha kisha kuporomoka imeandikwa tangu zamani. Mwaka 1955 mtafiti Sverre Lysgaard alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu raia wa Norwei waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, akaonyesha kwamba waliokaa muda mfupi na waliokaa muda mrefu walikuwa wametulia vizuri kuliko wale waliokuwa katikati. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg akaeleza mshtuko wa kitamaduni kuwa ni wasiwasi unaotokana na kupotelewa na zile ishara ndogondogo zinazomwongoza mtu kila siku katika maisha ya pamoja na wenzake. Fikiria mwenyewe: ni lini mtu husalimia na ni lini hupita kimya, "ndiyo" inayotamkwa polepole ina maana gani, asiyekufahamu husimama umbali gani. Kwenu uliyajua yote hayo bila kufundishwa, ilhali ugenini kila moja linadai nguvu za akili, na ndiyo sababu mgeni hufika jioni akiwa hoi hata siku ambayo hakubeba kitu kizito.

Hata hivyo, sipendi mkimbizi apimwe kwa kipimo hicho peke yake. Wale Wanorwei waliokwenda kusoma waliichagua safari yao, na walikuwa na nyumba ya kurejea. Egon Kunz, aliyeandika mwaka 1973 kuhusu mwendo wa wakimbizi, alisisitiza kwamba mhamiaji wa kawaida huvutwa na kule anakokwenda, bali mkimbizi husukumwa kutoka kule alikokuwa. Wewe hukuitamani nchi hii, uliikimbilia. Wakati hatari ilipokuwa nyuma yako, mwili wako haukuwa na nafasi ya kuhuzunika, kwa sababu ulikuwa na kazi moja tu ya kukufikisha. Sasa umefika, mlango una kufuli, na huzuni iliyokuwa ikisubiri zamu yake imeingia. Kwa hiyo unachokiona kuwa ni kurudi nyuma huenda ni dalili kwamba kwa mara ya kwanza mwili wako umeamini kwamba uko salama.

Kuna jambo la pili katika barua yako ambalo watu hulipita haraka, nalo ni ualimu wako. Mwaka 2005 Matthew Porter na Nick Haslam walichapisha uchambuzi uliokusanya ripoti 56 za utafiti kuhusu afya ya akili ya watu waliohamishwa na vita na mateso. Waliona kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wale waliowekwa katika makazi ya kitaasisi na waliofungiwa njia za kujipatia riziki, na pia kwamba watu waliokuwa na elimu na hadhi ya juu kabla ya kukimbia waliumia kuliko wengine. Watu wengi hutarajia kinyume chake. Hudhani msomi atazoea upesi. Lakini aliyekuwa akisimama mbele ya darasa hupoteza mshahara na, zaidi ya hapo, hupoteza jibu la swali "wewe ni nani?" Kazi ya kusafisha ni halali na ina heshima yake, ninachokataa ni kule kukuambia kwamba hukupoteza kitu.

Kuhusu nyimbo, usijilazimishe, lakini pia usizifukuze milele. Daktari Maurice Eisenbruch alitumia jina la msiba wa kitamaduni kwa huzuni ya mtu aliyeng'olewa katika lugha, ibada, ukoo na ardhi yake. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1991, aliwalinganisha vijana wakimbizi wa Kambodia waliopelekwa Marekani na wenzao waliopelekwa Australia. Msiba huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa vijana wa Marekani, ambako walishinikizwa kuuacha utamaduni wao, kuliko kwa wale wa Australia, ambao walihimizwa kushiriki sherehe zao za jadi. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba anayeruhusiwa kulia kwa lugha yake husimama upesi. Tafuta watu wawili au watatu wa kwenu, mkae siku moja kwa wiki, muwataje waliofariki kwa majina, mzungumze kuhusu mahali mlipotoka bila mtu kuwakatiza kwa kusema "mshukuruni Mungu". Ualimu nao utafutie mlango hata kama ni mdogo: watoto wa wakimbizi wenzako wanahitaji mtu wa kuwasomesha hesabu kwa lugha wanayoielewa, na kituo cha huduma kwa wakimbizi kinaweza kukueleza jinsi vyeti vyako vinavyoweza kutathminiwa.

Nakuomba pia uichunguze hali yako kwa makini. Huzuni huja na kwenda, na katikati yake mtu bado huweza kucheka na mtoto. Ikiwa usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, ikiwa jinamizi la mambo uliyoyaona linarudi usiku na picha zake mchana, ikiwa unashtuka kila mlango unapofungwa kwa kishindo, au unajiona huna thamani, basi hiyo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, au kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na mambo ya kutisha, na vyote viwili vina tiba. Likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri hata siku moja. Nenda hospitali au mwambie mtu aliye karibu akupeleke. Wengi huogopa kwamba kumwona mnasihi, yaani mshauri aliyefundishwa kusikiliza shida za watu, ni kukiri wazimu, au kwamba mgeni hataelewa habari zao. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, watu wa kawaida kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe walifundishwa unasihi, kisha wakawahudumia wengi kati ya Wanyarwanda na Wasomali 277 waliokuwa na kiwewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya waliosaidiwa kuisimulia historia ya maisha yao kwa mpangilio, tangu utotoni hadi sasa, asilimia 70 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe, wakati katika kundi lililofuatiliwa tu bila tiba walikuwa asilimia 37. Hao wanasihi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliojua kusikiliza kwa utaratibu.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu. Tangu tuhamie huku, binti yangu wa miaka 13 ndiye anayetusomea barua za ofisini na kunifasiria kwa daktari. Nyumbani hujibu kwa lugha ya huku hata nikimsemesha kwa lugha yetu, na wadogo zake wanamwiga. Mume wangu hukasirika na kusema mwacha asili ni mtumwa. Binti hujibu kwamba sisi ndio tunaomwaibisha. Nifanye nini ili nisiwapoteze watoto wangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe?

JIBU: Mama, nimeisoma barua yako mara nyingi, kwa sababu ndani yake kuna mtoto anayebeba kazi ya mtu mzima na watu wazima wanaoona nafasi yao inachukuliwa. Wote mnaumia, na hakuna aliyekosa.

Watoto hujifunza lugha na mienendo ya nchi mpya upesi kwa sababu shule huwaingiza humo kila siku, saa baada ya saa. Wazazi hawana shule hiyo. Wanasosholojia Alejandro Portes na Rubén Rumbaut, waliowafuatilia zaidi ya watoto 5,000 wa wahamiaji na wakimbizi nchini Marekani kuanzia mwaka 1992, walionya kuhusu pengo hili. Pale ambapo watoto wanakwenda mbio na wazazi wanabaki nyuma bila msaada, mamlaka ya mzazi hudhoofika, na mtoto hujikuta hana wa kumwongoza wakati ule ule anapomhitaji. Lakini waliona pia kwamba watoto waliomudu lugha zote mbili vizuri walikuwa na uhusiano bora na wazazi wao na walijithamini zaidi. Kwa hiyo lugha ya nyumbani haimzuii mtoto kufaulu, na mtu yeyote, hata akiwa mwalimu, akikuambia uiache ili mtoto aendelee, usimsikilize.

La kwanza na la haraka ni hili la daktari. Omba mkalimani mtu mzima. Sehemu nyingi zinazopokea wakimbizi zina huduma hiyo, ingawa mara nyingi haitajwi mpaka mtu aulize. Mtoto hapaswi kusikia habari za mwili wa mama yake na kuchagua lipi la kutafsiri na lipi la kulificha. Vivyo hivyo kwa barua zinazohusu hifadhi yenu: akikosea neno moja, atadhani ameiangamiza familia nzima. Mwondolee mzigo huo, kisha mwambie waziwazi kwa nini umemwondolea, tena umshukuru kwa alichokifanya. Asije akafikiri kwamba amefukuzwa kazi.

Sasa nizungumze na baba pia. Methali anayoitumia ni ya kweli, ila hapa inatumika kama fimbo, na mtoto anayechapwa kwa asili yake ataikimbia asili hiyo. Mwanasaikolojia wa Kanada John Berry ameandika kwa miaka mingi kwamba mtu anayeingia katika jamii ngeni hukabili maswali mawili: je, ni muhimu nihifadhi utamaduni wangu, na je, ni muhimu nishiriki katika maisha ya jamii hii? Anayekubali yote mawili hutangamana. Anayeliacha la kwanza humezwa, anayeliacha la pili hujitenga, na aliyeyapoteza yote mawili hubaki pembezoni, hana kwao wala hana huku. Kwa ujumla, tafiti za aina hii zimeona kwamba wanaotangamana huwa na afya njema zaidi ya akili, na walio pembezoni huwa na hali mbaya kuliko wote. Mume wako anaogopa binti atamezwa, naye binti anaogopa baba atamfungia katika kujitenga. Wanagombana juu ya milango miwili, na hawajauona ule unaowatosha wote.

Anzeni na jambo dogo. Kuwe na saa moja ya jioni ambayo ni ya lugha yenu, na saa hiyo isiwe ya mashtaka wala mawaidha. Iwe ya hadithi za babu na bibi, za vituko vya baba alipokuwa mtoto, za mambo yanayochekesha. Lugha inayosikika wakati wa kukaripiwa tu haiwezi kupendwa. Kisha baba na mama muwe wanafunzi wa binti katika lugha ya huku, mara mbili kwa wiki, mkiwa na madaftari. Najua wazazi wengine huona ni kujidhalilisha, lakini mimi naona ni kinyume: mzazi anayekubali kufundishwa humwonyesha mtoto jinsi mtu mzima anavyojifunza bila kuvunjika. Maamuzi ya nyumba yabaki kwenu wazazi. Usishangae pia binti akiendelea kuwaonea haya kwa muda. Miaka 13 ni umri ambao watoto wengi huwaonea haya wazazi wao, hata wasiowahi kuvuka mpaka.

SWALI: Katika shule ya mwanangu wamepokelewa watoto wa wakimbizi. Nimesikia kwamba wengi wao na wazazi wao wana maradhi ya akili kwa sababu ya vita. Je, niwe na hofu?

JIBU: Usiwe na hofu, ndugu msomaji. Mwaka 2005 Mina Fazel na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti zilizohusu wakimbizi wapatao 7,000 waliopewa makazi katika nchi za Magharibi. Kwa watu wazima, takriban 1 kati ya 10 alikuwa na maradhi yatokanayo na kiwewe, na takriban 1 kati ya 20 alikuwa na sonona kali. Viwango hivyo si vidogo, na hao wanaougua wanahitaji tiba. Lakini maana yake nyingine ni kwamba walio wengi, baada ya kupitia mambo ambayo mimi na wewe tungeomba tusiyaote, hawana ugonjwa huo. Isitoshe, aliyeathirika na kiwewe kwa kawaida huwa yeye ndiye mwenye hofu.

Mfundishe mwanao kulitamka jina la mwenzake kwa usahihi na kumwita katika mchezo. Asimuulize kuhusu vita. Mtoto huyo akitaka kusema atasema, na siku hiyo mwanao asikilize tu. Ukikutana na wazazi wake, zungumzeni kama wazazi, kuhusu masomo na sare na mtoto asiyependa kuamka asubuhi.

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina miaka 24. Niliomba hifadhi na huu ni mwezi wa 19 nasubiri uamuzi. Siruhusiwi kufanya kazi. Nilianza kuandika maneno ya lugha ya huku katika daftari, nikaacha katika mwezi wa tisa wa kusubiri, kwa sababu sioni faida ya kujifunza lugha ya nchi ambayo huenda ikanirudisha. Nalala mchana na kukesha usiku. Mama yangu, aliyebaki nyumbani, nikimpigia simu namwambia kila kitu ni kizuri. Je, ninafanya makosa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hudhaniwa kuwa inawakemea wageni wavivu, lakini nikifikiria barua yako naiona kwa upande mwingine: kupewa jembe ndiko kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Wewe unalitaka jembe na unanyimwa. Mkataba wa mwaka 1951 unaohusu hadhi ya wakimbizi, katika kifungu cha 17, unataka vizuizi vinavyowekwa kwa wageni ili kulinda ajira za wenyeji visitumike kwa mkimbizi aliyemaliza miaka 3 ya ukaazi. Siku 3 za wahenga zimekuwa miaka 3, tena nchi kadhaa zimeweka masharti juu ya kifungu hicho, na mtu ambaye ombi lake halijaamuliwa kama wewe mara nyingi hubaki nje kabisa. Nayasema haya ili ujue kwamba uzito unaousikia haukutokana na udhaifu wako.

Kusubiri kwenyewe huumiza. Watafiti Jens Hainmueller, Dominik Hangartner na Duncan Lawrence, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2016 kuhusu wakimbizi nchini Uswisi, waliona kwamba kila mwaka mmoja zaidi wa kusubiri uamuzi ulipunguza kiwango cha kupata ajira baadaye kwa pointi 4 hadi 5 za asilimia. Watu hao hawakuwa wamekosa bidii walipofika. Bidii ilichakaa wakisubiri. Wakuu wanaoamua mambo haya wangepaswa kuzisoma takwimu hizo kwa sauti, maana huwachelewesha watu kwa miaka kisha huwalaumu kwa kutojitegemea.

Lakini hatuna uwezo juu ya tarehe ya uamuzi, kwa hiyo tuangalie kilicho mikononi mwako. Kwanza urudishe usiku mahali pake: amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala vizuri, utoke nje kwenye mwanga wa jua, na usijilaze mchana. Pili, tafuta kazi isiyo ya mshahara inayoruhusiwa na sheria za huko, baada ya kumuuliza mwanasheria wako au shirika linalokusaidia, kwa kuwa mahali pengine hata kujitolea kuna masharti. Mtu anayesubiriwa mahali fulani saa nne asubuhi huamka kwa urahisi kuliko mtu asiyesubiriwa popote. Tatu, lugha. Unauliza ina faida gani ikiwa utarudishwa. Itakuwezesha kumwelewa mwanasheria wako, kuisoma barua ya uamuzi mwenyewe bila kutegemea sura ya mtu mwingine, na kumjibu mtu aliyekaa kando yako kwenye basi. Faida hizo unazihitaji mwezi huu, uamuzi uwe wa namna yoyote.

Kuhusu mama yako, sikulaumu. Watoto wengi walio mbali huwaficha mama zao mambo, na mama nao huwaficha watoto. Tatizo ni kwamba uongo mzuri unaousema kila wiki unakufanya uwe peke yako hata ukiwa kwenye simu na mtu anayekupenda kuliko wote. Huna haja ya kumweleza kila kitu. Mwambie kwamba kusubiri ni kugumu na siku ni ndefu, kisha muombe akusimulie kilichotokea nyumbani wiki hiyo. Yeye pia huenda anatafuta mahali pa kupunguzia mzigo, na sauti yako tulivu inayosema "kila kitu ni kizuri" inamfungia mlango. Siku utakayompigia tena, uwe na lile daftari mkononi, umsomee maneno matano mapya uliyojifunza, umfundishe kuyatamka.